Aleji ya alpha-gal: namna ya kukagua vyakula vya mimea vya pakiti kabla havijaingia kwenye kikapu

Ukishaambiwa una aleji ya alpha-gal, ile inayoanza baada ya kuumwa na kupe, kila mtu atakushauri kitu kimoja, "si ule tu vegan, yaishe". Haiishi. Vyakula vya mimea vya pakiti vinasaidia kweli, sikatai, ila neno vegan, yaani chakula kisicho na chochote cha mnyama, linajibu swali la mtu mwingine kabisa. Mwenzio wa vegan anataka kujua kama kuna mnyama yeyote ametumika, wewe unataka kujua kama kuna kitu cha mamalia humu ndani, na hayo ni maswali mawili. Yai, asali na samaki yeye hagusi, wewe unakula tu kama kawaida. Afu kuna kitu kinatoka kwenye mwani, yeye anakinywa kila asubuhi na chai yake bila wasiwasi, wewe huenda kikakuwasha usiku kucha.

Naandika nikiwa Kentucky, ambako Waswahili tumejaa, hasa ndugu zetu wa Kongo pale Lexington na Louisville, na hapa ndo kwao na yule kupe wa Lone Star, ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni, anayeongoza kwa kuleta hii aleji Marekani. Kwa hio sheria na maneno ya lebo nitakayotaja ni ya Marekani, uliyeko Uingereza au kwingine Ulaya nitakugusia njiani.

Kidogo kuhusu tatizo lenyewe ili hatua zieleweke. Alpha-gal ni aina ya sukari iliyomo mwilini mwa karibu mamalia wote, ng'ombe, nguruwe, mbuzi, kondoo, ngamia, swala, isipokuwa binadamu, sokwe na nyani wa Afrika na Asia. Kuku, bata, samaki, kamba na pweza hawana. Kupe akikuuma mwili unaweza kuanza kuiona ile sukari kama adui, na ukila nyama reaksheni haiji hapo hapo, inakuja baada ya masaa 2 mpaka 6, yaani umekula saa mbili usiku unaamka saa nane umevimba mdomo na mwili mzima una vipele. Ndo maana watu wanakaa muda mrefu bila kujua kilichowadhuru ni kipi. Mwaka 2023 CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, walitoa hesabu, kesi zinazoshukiwa zaidi ya 110,000 kati ya 2010 na 2022, na makadirio ya watu mpaka 450,000, na katika wahudumu wa afya waliowauliza 42% hawakuwahi hata kuusikia huu ugonjwa. Kwa hio ukikuta daktari anakutumbulia macho usishangae, badilisha daktari, tafuta wa aleji.

Hatua ya kwanza: jua mstari wako uko wapi

Kabla hujashika pakiti yoyote kaa na daktari wa aleji muandike orodha yako, manake wagonjwa hawafanani. Wengi wanaacha nyama za mamalia tu na maziwa wanakunywa vizuri. Wengine maziwa, siagi na jibini vinawapiga. Wengine tena jelatini, ile ya kugandishia inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na wachache sana ndo wanafika kwenye vitu vidogo vidogo vya lebo nitakavyovieleza huko chini. Usichukue orodha ya mtu mwingine mwenye hali mbaya kuliko yako ukaifanya sheria ya jikoni kwako, utakonda bure na watoto watakuchukia. Ila pia usijipandishe cheo mwenyewe kwamba "mimi yangu ndogo". Daktari anapima kingamwili za alpha-gal kwenye damu, lakini namba peke yake haisemi utaumwa kiasi gani, historia yako ndo inasema zaidi.

Maswali manne ya kuondoka nayo pale: maziwa naruhusiwa? Jelatini? Karajinani (kile kitu cha mwani, nitakieleza hatua ya sita)? Chakula kilichopita kwenye mashine moja na nyama je? Majibu uyaandike kwenye simu, ndo kipimo chako cha kila pakiti kuanzia leo.

Hatua ya pili: mbele ya pakiti soma, ila usiamini

Mbele ni biashara. "Plant-based" haina maana ya kisheria iliyofungwa, utakuta baga imeandikwa hivo kwa herufi kubwa halafu nyuma kuna unga wa maziwa au ute wa yai. Ute wa yai kwako sawa, unga wa maziwa inategemea na orodha yako. "Vegan" nayo FDA, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, hawajaiwekea tafsiri ya kisheria, kwa hio alama ya shirika linalothibitisha, kama ile alizeti ya Vegan Society ya Uingereza, ina uzito kuliko neno tupu lililochapishwa na kampuni yenyewe. "Vegetarian" ndo usitegemee kabisa kama maziwa yanakudhuru.

"Non-dairy" inastahili sentensi yake. Krimu za unga za kuweka kwenye kahawa zinaandikwa hivo mbele, na nyuma ukisoma unakuta "sodium caseinate", ambayo ni protini ya maziwa. Sheria inawaruhusu, ila inawalazimisha waandike pembeni yake kwamba imetokana na maziwa. Nani anageuza kikopo cha krimu kusoma? Wewe, kuanzia sasa.

Kwa sisi Waislamu, na hata wasio Waislamu wanaonunua duka la halali kwa mazoea, alama ya halali haikusaidii kwenye hili. Jelatini ya ng'ombe aliyechinjwa vizuri kabisa kwa bismillah bado ni jelatini ya ng'ombe. Pipi laini za watoto zenye alama ya halali, zile za kutafuna, hapo ndo pa kuangalia sana. Jelatini ya samaki ndo salama kwako, lakini lazima waiandike kwamba ni ya samaki.

Alama za Kiyahudi za kosha zinaweza kukusaidia kidogo: herufi D pembeni ya alama maana yake kuna maziwa au imepita kwenye mashine za maziwa. "Pareve" maana yake haina nyama wala maziwa, nzuri sana kwa mtu wa maziwa, lakini kuna wasimamizi wanaoihesabu jelatini ya ng'ombe kuwa pareve, kwa hio ukiona pareve na jelatini kwenye pakiti moja usichukue mpaka uulize. Na kwenye maduka ya Kihindi, ambako wengi wetu ndo tunanunua unga wa chapati, dengu na paratha za friza, kile kidoti cha kijani ndani ya kisanduku kinasema ni chakula cha wasiokula nyama, maziwa na samli vinaruhusiwa humo ndani.

Hatua ya tatu: geuza, anzia chini

Watu wanaanza kusoma viungo kutoka juu wanachoka katikati. Anza na ule mstari wa chini kabisa unaoanza na "Contains". Marekani kuna vyakula 9 ambavyo lazima vitajwe wazi, na maziwa yamo tangu sheria ya 2004, ufuta ukaongezwa na kuanza kazi Januari 2023. Maziwa lazima yatajwe hata kama yameingia kupitia kiungo kingine au ladha, na si lazima yawe kwenye ule mstari, wanaweza kuyataja ndani ya orodha yenyewe, kwa hio ukikosa chini panda juu. Ulaya na Uingereza wana orodha ya vitu 14 na maziwa yamo vilevile, wanayakoleza kwa herufi nzito.

Sasa sikiliza hapa manake ndo kiini cha mambo yote. Maziwa yana sheria inayokulinda. Ng'ombe na nguruwe hawana. Hakuna sheria hapa inayomlazimisha mtengenezaji wa biskuti au supu ya pakiti kuandika "ina kitu cha mamalia", na alpha-gal haimo kwenye zile 9 wala kwenye zile 14. Kwa hio kukosekana kwa onyo chini hakumaanishi chochote kuhusu nyama. Watu wengi wanaangukia hapa, anasoma mstari wa chini, anaona soya na ngano tu, anatia kikapuni.

Hatua ya nne: maneno yaliyo wazi

Hapa nakwenda haraka. Ukiona "lard", hayo mafuta ya nguruwe, yanapenda kukaa kwenye maharage ya kopo ya Kimeksiko yaliyopondwa na kwenye tortila ambazo wengi wetu tunanunua tukichoka kusukuma chapati. "Tallow" na "suet" mafuta ya ng'ombe au kondoo, angalia chipsi za friza, na hii habari ya kukaangia mafuta ya ng'ombe imerudi kwa kasi mikahawani tangu 2025. "Gelatin" bila jina la samaki, acha. "Beef broth", "bone broth", "collagen", "beef extract", acha. Cubes za supu na mchuzi mix zenye ladha ya nyama soma kila moja, usiseme hii ni viungo tu. Kwa mtu wa maziwa ongeza "whey", "casein", "lactose", "ghee", "butterfat".

Afu kuna maneno yanayotisha bure. "Cocoa butter" ni mafuta ya kakao. "Coconut cream" ni tui zito tu. "Lactic acid" jina linanukia maziwa lakini kwa kawaida inatoka kwenye mahindi au viazi sukari vilivyochachushwa. "Cream of tartar" inatoka kwenye zabibu. "Lecithin" mara nyingi soya au alizeti. "Yeast extract" ni hamira, na "methylcellulose", inayoonekana kama dawa ya maabara, ni ya mimea, ndo inashika baga za mboga zisisambaratike. Nta ya nyuki, rangi nyekundu ya wadudu na ile glezi ya pipi inayotokana na wadudu, vegan anakataa, wewe hazikuhusu, mdudu sio mamalia.

Hatua ya tano: maneno yanayoficha

Hapa tulia, hapa ndo kazi ilipo. Kuna viungo ambavyo jina ni moja na asili ni mbili au tatu. "Mono- and diglycerides", Ulaya inaandikwa E471, inaweza kuwa mafuta ya mawese au ya mnyama na hawalazimiki kusema. "Glycerin" vilevile, ila wakiandika "vegetable glycerin" pumua. "Magnesium stearate" na "stearic acid" ziko sana kwenye vidonge na pipi. "Vitamin D3" ambayo wanatia kwenye nafaka za asubuhi na maziwa ya mimea mara nyingi inatengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, wakati "D2" sio ya mnyama, na siku hizi kuna D3 ya "lichen", ile kama kuvu inayoota kwenye mawe na miti, ambayo wanaitangaza wenyewe kwa mbwembwe manake inauza.

Lakini mfalme wao ni "natural flavors". Kanuni za FDA zinahesabu ladha iliyotolewa kwenye nyama kuwa ya asili sawa na iliyotolewa kwenye limau. Ikiwa kuna maziwa ndani yake lazima waseme, ikiwa kuna ng'ombe hawalazimiki. Kwenye pakiti yenye uthibitisho wa vegan natural flavors haininyimi usingizi. Kwenye krakers za ladha ya "smoky barbecue" zisizo na uthibitisho wowote, nazirudisha kwenye shelfu.

Sukari nyeupe mtaisikia pia. Baadhi ya viwanda Marekani vinachuja sukari ya miwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa umechomwa ukawa mkaa na wala haubaki ndani ya sukari, mimi hili silipi uzito, ila kama daktari amekuweka kwenye kundi la wanaoguswa na kila kitu, sukari ya ogani au ya viazi sukari haichujwi hivo.

Hatua ya sita: mwani

"Carrageenan", Ulaya E407, hii sio ya mnyama hata kidogo na ndo maana vegan wote wanaila. Inatoka kwenye mwani, na kama umewahi kupita Paje au Jambiani bahari ikiwa imekupwa umewaona akina mama wameinama kwenye mistari ya kamba na vijiti, ule mwani wanaoufunga, spinosum na cottonii, unaoanikwa ukauke na kupakiwa kwenye magunia, unapelekwa nje kutengeneza hii karajinani. Zanzibar wanalima kibiashara tangu 1989. Kazi yake ni kufanya kitu kiwe kizito na laini, kwa hio utaikuta kwenye maziwa ya lozi, puding, aiskrimu za nazi, soseji za mboga, na hata kwenye vipande vya bata mzinga wa sandwichi.

Tatizo ni kwamba imejengwa na sukari za galaktosi zilizoungana kwa namna inayofanana na alpha-gal. Wagonjwa wengi wanaila na hawasikii kitu, wachache inawaletea. Kwa hio sisemi uikimbie, nasema uijue. Kama umeacha nyama na maziwa vizuri kabisa na bado unaamka usiku unajikuna au tumbo linakata, hii ndo ya kwanza kushuku, na dawa ni rahisi manake kwenye shelfu hio hio kuna maziwa ya oti (oat) au soya yanayotumia "gellan gum" au "guar gum" badala yake. Ukiona "Irish moss" huo ni mwani wenyewe unaotoa karajinani.

Tusome pakiti moja pamoja

Chukua soseji za mboga za friza, lebo ya kawaida tu. Mbele: plant-based, picha ya majani. Chini: ina soya na ngano. Juu tunasoma: maji, protini ya soya, mafuta ya kanola, gluteni ya ngano, ute wa yai, natural flavors, carrageenan, yeast extract, na mwisho ngozi ya soseji ya "alginate".

Ute wa yai upo lakini yai halijatajwa kwenye mstari wa chini, hapo hapo ujue lebo ina walakini, maana wakishaweka ule mstari wanatakiwa kutaja vyote, na mayai ni mojawapo ya zile 9. Yai lenyewe halikudhuru, ila kiwanda kilichokosea hapo kimenipunguzia imani. Soya, kanola, gluteni, hamira, sawa. Alginate nayo ni ya mwani lakini sio karajinani, sawa. Imebaki natural flavors bila alama ya vegan, na haiwezi kuwa nayo kwa sababu ya yai, kwa hio hatujui. Karajinani inategemea orodha yako. Uamuzi wangu: leo hainunuliwi, picha inapigwa, kampuni inaulizwa. Na angalizo, soseji za kuku zilizo shelfu ya jirani usizidhanie salama kwa sababu ni kuku, nyingine zimevishwa utumbo wa nguruwe, wameandika kwa maandishi madogo "pork casing".

Hatua ya saba: mashine za pamoja na kuuliza kampuni

Maneno kama "may contain" na "made on shared equipment" Marekani ni hiari, na kampuni zikiyaandika zinazungumzia zile 9. Kiwanda kinaweza kupitisha soseji za nguruwe asubuhi na za maharage mchana na kisiandike neno kuhusu nguruwe. Ukitaka kujua, uliza.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi. Ukiuliza "je ina alpha-gal?" yule wa huduma kwa wateja hajawahi kulisikia, atakujibu hapana kwa adabu. Ukiuliza "je ni vegan?" atakusomea lebo uliyoshika mwenyewe. Uliza hivi: je kuna kiungo chochote, pamoja na kilichomo ndani ya natural flavors, glycerin, mono- and diglycerides na vitamini D3, kinachotokana na ng'ombe, nguruwe, kondoo, mbuzi au mamalia yeyote? Je bidhaa hii inatengenezwa kwenye mstari mmoja na nyama za wanyama hao, na mnasafishaje katikati? Weka namba za ile barkodi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tuma kwa imeili, sio simu, upate jibu la maandishi. Wakikujibu kwamba ladha ni siri ya kampuni, usiombe siri, uliza tu mamalia yupo au hayupo, hilo wanaweza kulijibu bila kutoa resipi. Wakikataa kabisa, jibu umeshapata.

Hatua ya nane: siku ya kuonja

Hii ni kwa mtu ambaye daktari amemruhusu kujaribu. Kama uliwahi kupata reaksheni kali, ya kubanwa pumzi au kuzimia, usijaribu kitu chenye shaka nyumbani peke yako, mwisho wa habari.

Kula kitu kipya mchana, sio usiku, kwa sababu ya yale masaa 2 mpaka 6, unataka uwe macho na uwe na mtu karibu. Kidogo tu. Kitu kipya kimoja kwa siku, ukichanganya vitatu ukaumwa utamlaumu nani? Siku hio usinywe pombe na usiende jimu, vyote viwili vinaweza kuikoleza reaksheni. Sindano ya epinefrini, ile ya dharura ya aleji kali, iwe mfukoni, sio kwenye droo ya gari. Ukiona ulimi unavimba, pumzi inabana, kizunguzungu, au vipele pamoja na kutapika, choma na upige 911, usisubiri uone kama itapita. Ugonjwa huu unaua kweli: Novemba 2025 madaktari wa Chuo Kikuu cha Virginia waliripoti kifo cha mwanaume wa New Jersey masaa kadhaa baada ya kula baga ya ng'ombe.

Baada ya hapo

Kikishapita, piga picha ya nyuma ya pakiti uiweke kwenye albamu yake kwenye simu, familia yote iwe nayo, manake shemeji akija na mazagazaga ya wikiendi hatakumbuka somo lako lote. Na uisome tena kila unaponunua, resipi zinabadilika kimya kimya, na ladha moja ya kampuni ile ile inaweza kuwa safi na ya pili ina unga wa maziwa. Bidhaa ya jina moja inayouzwa Nairobi au London usidhani ndo hio hio ya Louisville, viungo vinaweza kutofautiana, kwa hio zawadi kutoka nyumbani nazo zinageuzwa zinasomwa.

Vitamini na dawa za vidonge zisome kwa jicho lile lile. Vidonge laini vya omega na D karibu vyote vimevishwa jelatini, muulize mfamasia akutafutie vya ganda la mimea, wanaandika "hypromellose" au "veggie caps". Dawa uliyoandikiwa usiiache mwenyewe kwa sababu umeona stearate kwenye karatasi, mpigie daktari kwanza. Na ukilazwa mwambie kila anayekugusa kuhusu hii aleji, manake heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, inatengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe.